Kutoka Ngomeni hadi Ziwa Jipe: Nani Ameshika Usukani wa Anga za Juu za Kenya?

Kila baada ya siku tano hivi, setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupita juu ya Ziwa Jipe na kulipiga picha. Kila nukta ya picha hiyo inabeba eneo la mita 10 kwa 10, na hilo linatosha kuonyesha magugu yanapokoma na maji yanapoanzia. Picha zenyewe ni za bure. Landsat za Marekani zimekuwa zikifanya kazi ya namna hiyo tangu 1972, na mwaka 2008 hazina yao ilifunguliwa kwa umma bila malipo. Kwa hiyo mtu akitaka kujua jinsi maji ya wazi ya ziwa hili la mpakani yalivyomezwa na magugu, ushahidi upo. Wadi ya Mata, iliyo kando ya ziwa hilo katika kaunti ndogo ya Taveta, ni miongoni mwa mahali palipopigwa picha sana na kuambiwa machache.

Naanzia hapo makusudi. Mazungumzo ya anga za juu nchini Kenya huanzia kwenye roketi na kuishia kwenye bendera: nani amerusha nini, lini, kwa shilingi ngapi. Uongozi wa mpango wa taifa una maswali mengine. Nani anaamua kitakachotazamwa? Taarifa inapitia mikono ya nani, na inamfikia nani ingali na maana? Aliyefikiwa nayo akiona imekosea, amwambie nani? Hoja yangu ni kwamba Kenya ina karibu vipande vyote vya mpango wa anga za juu, na baadhi yake ni vizuri sana. Visivyo na mwenyewe ni viungo kati ya vipande hivyo, na kasoro hiyo huonekana vyema zaidi ukiwa umesimama Mata kuliko ukiwa Nairobi.

Vipande hivyo ni vya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Aprili 1967, kutoka jukwaa lililosimikwa baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2. Walipachagua mahali hapo kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi na kuipunguzia mzigo wa mafuta. Hadi Machi 1988, setilaiti tisa zilikuwa zimeondokea hapo. Iliyovuma kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, na kazi hiyo ilichangia Riccardo Giacconi kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Kenya ilitoa bahari, jina na tarehe. Vingine vyote vilikuwa vya wageni.

Wakati huohuo, bila makelele ya roketi, taasisi za kuzitumia picha zilikuwa zikizaliwa Nairobi. Kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, RCMRD cha Kasarani, kilianzishwa 1975. Mwaka uliofuata serikali iliunda kitengo cha kuchunguza mbuga na malisho kutoka angani, ambacho leo ni idara ya DRSRS. Maana yake ni kwamba kabla Jomo Kenyatta hajafariki, Kenya ilikuwa tayari na mahali pa kurushia setilaiti na taasisi mbili za kusoma kilichoonekana kutoka juu. Hakukuwa na chombo cha kuviunganisha. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilikuja 2017, likiundwa kwa amri ya Rais chini ya Sheria ya Mashirika ya Serikali na kuwekwa katika Wizara ya Ulinzi. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2016, Kenya na Italia zilikuwa zimetia saini mjini Trento mkataba mpya kuhusu kituo cha Malindi. Mkataba huo una itifaki tano zinazogusa hata mafunzo na tiba ya masafa marefu, dalili kwamba wajumbe wa Kenya safari hii hawakwenda kuuza ufuo tu.

Mwezi Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu kwa msaada wa Japani. Tarehe 15 Aprili 2023, Taifa-1 ilipaa kutoka California kwa roketi ya Falcon 9, ikiwa imeundwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria ya EnduroSat, kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi milioni 50. Tuiweke bei hiyo mahali pake. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatoa fidia ya shilingi milioni tano kwa mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Taifa-1 yote basi ni sawa na fidia ya vifo kumi. Katika kaunti ya Taita Taveta, ambayo Hifadhi za Tsavo Mashariki na Magharibi zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi, hesabu ya namna hiyo si ya kufurahisha, ila inaonyesha jambo: chombo chenyewe si ghali kiasi cha kutuzuia kufikiri. Sehemu ghali na ngumu ni kukifanya kibadilishe uamuzi wa mtu.

Hapo ndipo fikra za kimfumo zinapohitajika. Mwanazuoni wa Marekani Donella Meadows, aliyefariki 2001, alitumia maisha yake kueleza kwamba tabia ya kitu kikubwa hutokana na jinsi sehemu zake zinavyovutana, zinavyocheleweshana na zinavyorudishiana habari. Katika andiko lake la 1999 alipanga kwa ngazi mahali ambapo mtu anaweza kugusa mfumo ili ubadilike. Ngazi ya chini kabisa aliiwekea tarakimu: bajeti, viwango, ruzuku, yaani vitu ambavyo wanasiasa huvigombania zaidi. Juu yake akaweka mtiririko wa habari, kisha kanuni, kisha lengo la mfumo mzima. Ukisoma ngazi hiyo ukiwa na hotuba za Bunge mkononi, utaona kwamba karibu mjadala wote wa anga za juu hapa kwetu umebaki kwenye ngazi ya chini.

Ziwa Jipe lenyewe ni darasa zuri. Maji yake hutoka kwenye mto Lumi, unaoanzia upande wa Kilimanjaro, na kwenye vijito vya milima ya Upare, Tanzania. Huondoka kwa mto Ruvu kuelekea Pangani. Mashamba ya juu yakilimwa ovyo, udongo hushuka. Udongo ukitulia, kina cha maji hupungua na magugu hupata pa kushika mizizi. Magugu yakisongamana, maji hupita polepole, na maji yanayopita polepole huangusha udongo zaidi. Mvuvi akikosa perege anageukia kilimo cha kumwagilia; kilimo kinachota maji na kufungua ardhi mpya. Tembo na viboko wanaokuja kunywa hukuta shamba njiani. Hakuna mtu hata mmoja katika mzunguko huo aliyekusudia kuliua ziwa. Kumtafuta mkosaji kunasaidia kidogo kuliko kutafuta mahali mzunguko unapoweza kukatwa, na mahali hapo panaweza kuwa kilomita nyingi kutoka Mata, tena katika nchi nyingine.

Sasa hesabu wanaolitazama ziwa hilo kwa jicho la juu, kila mmoja kwa dirisha lake. Wanyama ni wa shirika la wanyamapori, KWS. Maji ni ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mvua ni ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, yenye kituo chake Voi. Ukame ni wa mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame, NDMA. Kilimo, kwa Jedwali la Nne la Katiba, ni cha serikali ya kaunti. Anga za juu ni za KSA. Ng'ambo ya pili ni Tanzania, na bonde la Pangani lina bodi yake. Watafiti nao wapo: Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti Wundanyi, na kimepima misitu ya Milima ya Taita kwa picha za setilaiti na za ndege kwa miaka mingi. Wote hao wanatumia zao la anga za juu, na wengi wanafanya kazi yao vizuri. Hata hivyo, anayeamka alfajiri akakuta mahindi yamelazwa na tembo hana afisi moja ambayo picha zote hizo hukutana.

Kuna kiungo kimoja kinachofanya kazi, nacho kinastahili kuelezwa kwa kirefu. NDMA hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 za maeneo kame na nusu kame, Taita Taveta ikiwemo. Ndani yake mna kipimo cha ukijani wa mimea kitokanacho na setilaiti, kinacholinganisha hali ya sasa na ya miaka iliyopita katika msimu uo huo. Kikishuka chini ya 35, ukame umeanza. Chini ya 20 ni ukame mkali. Chini ya 10 ni balaa. Uchakataji wake ulijengwa kwa ushirikiano na chuo kikuu cha BOKU cha Vienna. Kipimo peke yake kingekuwa grafu nyingine ya kupamba ripoti. Kilichokipa nguvu ni kanuni iliyofungwa nacho: mstari ukivukwa, fedha za dharura zina ruhusa ya kutoka kabla ng'ombe hajaanguka. Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, mpango wa kutuma pesa kwa kaya maskini umekitumia kuongeza idadi ya wapokeaji ukame unapozidi. Bima ya mifugo iliyoanzia Marsabit mwaka 2010 hufuata mantiki hiyohiyo: hakuna mtu anayetumwa kuhesabu mizoga, picha ikionyesha malisho yamekwisha, malipo yanatoka.

Tazama tarehe. Bima ni ya 2010, NDMA ni ya 2011, KSA ni ya 2017. Kiungo imara kuliko vyote nchini kati ya picha ya setilaiti na pesa ya serikali kilibuniwa na watu wa ukame na mifugo, bila roketi, bila setilaiti ya Kenya na bila shirika la anga za juu. Silitaji hilo kuidharau KSA. Nalitaja kwa sababu linaonyesha nguvu iko wapi: kwenye kanuni inayomlazimisha mtu kutenda anapopata habari. Mpango wa taifa wa anga za juu ungeweza kuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kutunga na kulinda kanuni za aina hiyo.

Lakini kishushe kipimo hicho hadi Taita Taveta nawe utaona kinapolegea. Tumeshasema zaidi ya nusu ya kaunti ni hifadhi. Wastani wa ukijani wa kaunti, usipozitenga hifadhi, kwa kiasi kikubwa ni habari za nyasi ambazo ng'ombe wa Mata haruhusiwi kuzila. Ongeza mashamba makubwa ya mkonge, ambayo hubaki kijani malisho yakiwa vumbi. Ongeza magugu ya Jipe na vichaka vya mathenge. Setilaiti huona kijani. Haijui ni kijani cha nani. Mchungaji yeyote angeweza kuisahihisha kwa dakika mbili, na hapo ndipo shida ilipo. Mfumo una bomba nene la kuteremshia taarifa na uzi mwembamba wa kuipandishia. NDMA ina wahudumu wanaohoji kaya mashinani kila mwezi, na hilo ni zaidi ya wanavyofanya wengi, ila dodoso lao ni la bei za mbuzi na umbali wa kuteka maji. Halimwulizi mchungaji kama picha ilisema kweli.

W. Ross Ashby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza aliyeandika miaka ya 1950, alikuwa na kanuni ngumu kuikwepa: anayetaka kudhibiti jambo lenye sura nyingi sharti naye awe na majibu ya aina nyingi kiasi hicho. Afisi moja Nairobi haiwezi kuwa na majibu ya namna nyingi kama hali za Mata, Sagalla, Kasighau na vilele vya Taita zilivyo. Katika kilomita chache unatoka kwenye ukungu wa msitu wa Ngangao hadi kwenye vumbi la Voi. Katiba ya 2010 iliiona hoja hiyo kwa lugha yake: Kifungu cha 6 kinasema serikali za ngazi mbili ni tofauti na zinategemeana, zishirikiane kwa mashauriano. Ardhi inayotazamwa na anga za juu ni ya kaunti, mtazamaji ni serikali ya taifa. Sijaona uwanja mwingine ambamo kifungu hicho kinahusika moja kwa moja namna hiyo na kikatajwa mara chache hivyo.

Je, KSA kuwa chini ya Wizara ya Ulinzi ni kikwazo? Wanaharakati husema ndiyo kabla swali halijaisha. Mimi nasita. Mataifa mengi yaliingia angani kwa mlango wa jeshi, na jeshi lina vitu viwili ambavyo wizara nyingine huvikosa: nidhamu ya kutunza mitambo na bajeti isiyopeperushwa kila mwaka wa uchaguzi. Tena kuna mambo ya anga za juu ambayo ni ya usalama kweli. Tatizo ni tabia ya habari. Mwanajeshi hufundishwa kumpa taarifa anayestahili kuijua peke yake. Taarifa ya mafuriko au ya moto wa nyika thamani yake huongezeka kadiri inavyovuja. Shirika moja linaweza kubeba tabia zote mbili endapo tu sheria itatenganisha wazi kipi ni siri na kipi ni haki ya umma, na iseme kwamba kisichotajwa kuwa siri kiko wazi. Amri ya Rais ya 2017 ni msingi mwepesi kwa jengo la namna hiyo. Kilichoundwa kwa amri kinaweza kuvunjwa kwa amri.

Kuna tukio moja linalonivutia. Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, jirani ya Taita Taveta. Wanakijiji walitoa habari, maafisa wakafika, na siku mbili baadaye KSA ilikuwa imetoa taarifa kwamba kilikuwa kipande cha chombo cha kurushia, ikauchukua mzigo kwa uchunguzi. Hakuna aliyeumia. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo dhima ya madhara yanayotokea ardhini, kwa hiyo swali la nani alipe lingekuwa na mahali pa kupelekwa. Magazeti yalishughulika na pete. Mimi niliona njia: habari ilipanda kutoka kijijini hadi shirika la anga za juu kwa siku mbili tu. Kumbe inawezekana. Inachohitaji ni kitu kizito cha kutosha kuanguka.

Na habari inayopanda ikizuiwa, hata taifa tajiri hulia. Januari 2003, chombo cha Columbia kilipopaa, kipande cha sponji ngumu kilichomoka kwenye tangi na kugonga bawa la kushoto. Wahandisi wa NASA waliiona video, wakaingiwa na wasiwasi, wakaomba bawa lipigwe picha na mitambo ya kijeshi. Viongozi wa safari walilifuta ombi. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea, na wanaanga saba wakafa. Bodi ya uchunguzi iliandika mwaka huohuo kwamba desturi za shirika zilichangia ajali sawasawa na sponji yenyewe. Mitambo ya kupiga picha ilikuwepo. Waliojua cha kuuliza walikuwepo. Kilichokosekana ni kanuni ya kumlazimu mkubwa kumjibu mdogo.

India ilipita njia nyingine, nayo inatuhusu zaidi. Shirika lake, ISRO, liliundwa 1969, na tangu 1972 idara ya anga za juu imekuwa chini ya Waziri Mkuu, ili wizara zote zilifikie kwa usawa. Lakini siri yao naiona kwenye jaribio la 1975 hadi 1976. India ilikuwa haijarusha setilaiti yoyote ya mawasiliano. Iliazima ATS-6 ya NASA kwa mwaka mmoja na kurusha vipindi vya kilimo, afya na shule katika vijiji takriban 2,400. (Setilaiti hiyo ilikuwa imeegeshwa juu ya ikweta kwenye longitudo 35 mashariki, yaani karibu utosini mwa Kisumu. Wahindi walikuwa wakisomeshwa kutoka juu ya vichwa vyetu.) Muhimu ni mpangilio: walianza na mwanakijiji na televisheni yake, wakapima alichokielewa, wakajua ni setilaiti ya aina gani wanaihitaji, ndipo wakaijenga. Baadaye wavuvi wa pwani zao wakaanza kupewa taarifa za mahali samaki wanapoelekea kukusanyika, zilizotokana na joto na rangi ya bahari. Mvuvi akirudi mtupu, kosa hujulikana jioni ileile. Hakuna mkaguzi mkali kuliko huyo.

Tukirudi Taita Taveta, si kwamba mrejesho wa namna hiyo ni mgeni. Sagalla, karibu na Voi, wakulima na watafiti wa shirika la Save the Elephants wamekuwa wakijaribu uzio wa mizinga ya nyuki kuzuia tembo, shamba kwa shamba, wakirekebisha kwa kadiri tembo wanavyojibu. Machi 2016, KWS na shirika hilo waliwavisha tembo kumi wa Tsavo kola za setilaiti ili kuona jinsi reli mpya ya SGR ilivyobadilisha mapito yao. Kola hutoa ujuzi wa kina, na uzio wa nyuki hutoa ujuzi wa karibu. Mtu mmoja akiwa na haki ya kuiona mistari ya kola kabla ya kuamua mizinga iwekwe wapi, tayari huo ni utawala wa anga za juu, hata kama hakuna jenerali aliyekata utepe.

Mfano mgumu zaidi ni Lumi. Mvua kubwa ikinyesha Kilimanjaro, mto huu hufurika Taveta, wakati mwingine jua likiwa linawaka huku chini. Setilaiti ya hali ya hewa ya Meteosat huyaona mawingu hayo kila baada ya dakika 15. Kwa upande wa sayansi, onyo la saa kadhaa haliko mbali. Lakini lifuate onyo hilo njiani: mvua imenyesha Tanzania, mawingu yamesomwa Nairobi, agizo linatakiwa litoke kaunti, lipite kwa naibu kamishna, lishuke kwa chifu, chifu amwambie mzee wa mtaa, na mzee wa mtaa apige simu ambayo hapo mpakani huenda imenasa mtandao wa nchi jirani. Kila kituo kinachelewesha kidogo, kwa sababu nzuri kabisa: mmoja anataka barua, mwingine anataka uhakika. Meadows alisisitiza kwamba ucheleweshaji usiolingana na kasi ya jambo lenyewe huharibu mfumo hata kama kila sehemu yake ni nzima. Kwa ukame, mwezi mmoja unavumilika. Kwa Lumi, mwezi ni kichekesho.

Kuna pingamizi mbili ninazozichukulia kwa uzito. Ya kwanza ni kwamba fikra za kimfumo zinaweza kuwa uchawi mpya wa washauri: michoro yenye mishale mingi, semina hotelini, kisha kamati ya kuratibu kamati. Nakubali. Stafford Beer, Mwingereza aliyejaribu kuvisimamia viwanda vya Chile kwa mitambo ya mawasiliano mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliacha dawa ya ugonjwa huo: lengo la mfumo litambue kwa kile unachokifanya, usiulize unachodai. Kwa kipimo hicho, mpango wetu kwa sasa una lengo la kurusha na kutia saini, kwani hayo ndiyo unayoyafanya kwa bidii zaidi. Pingamizi ya pili ni kwamba kuunganisha kila kitu ni hatari. Data zote zikipitia KSA, siku KSA ikilala, NDMA nayo imelala. Hilo ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi KSA iwe ghala la nchi. Ya RCMRD yabaki Kasarani, ya ukame yabaki kwa NDMA. KSA ipewe kazi ya kulinda makutano: viwango vya data, haki ya kupata, na wajibu wa kujibu.

Wajibu huo una mlango wa kuingilia usiohitaji pesa mpya. Mashirika ya serikali ya Kenya hutia saini mikataba ya utendakazi kila mwaka. Mkataba unaohesabu setilaiti na warsha utazalisha setilaiti na warsha. Uhesabu badala yake maamuzi yaliyobadilika katika kaunti kwa sababu ya taarifa kutoka juu, na masahihisho yaliyopokelewa kutoka mashinani yakajibiwa. Ni jambo la kuudhi kulihesabu, najua, na wahasibu watalalamika. Lakini lingeigeuza ajenda ya shirika zima kuliko bilioni moja ya ziada, kwa kuwa linagusa lengo.

Jipe ingefaa kuwa mahali pa majaribio kwa sababu haimruhusu yeyote kujidanganya. Kenya na Tanzania tayari zina azma ya pamoja ya kuyasimamia maziwa ya Chala na Jipe pamoja na mto Umba. Rwanda na Uganda zimekwisha kupeleka setilaiti zao ndogo angani, mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akasema Tanzania nayo imeanza maandalizi ya yake, na Aprili 2025 Shirika la Anga za Juu la Afrika lilizinduliwa Cairo. Bendera zitaongezeka huko juu. Makubaliano ya kupeana data ya mvua na ya maji kati ya Moshi na Taveta yanaweza kuandikwa kwa kurasa chache, na upande wa picha hautakuwa mgumu. Ugumu utakuja kwenye kifungu cha onyo lililokosea. Mkulima wa nyanya aliyehamisha pampu yake usiku, akavuna kabla ya wakati, kisha mto usifurike, ana hasara halisi; akifanyiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hatahama. Nani atakayembebea hasara hiyo, idara ya hali ya hewa, kaunti, au KSA? Kabla onyo la kwanza halijatumwa, gharama hiyo inapaswa iwe imeshapata mwenyewe kwenye karatasi, pamoja na jina la afisi ambayo mkulima huyo ataipigia simu asubuhi yake.